Kusi Kwanza, Kusini Baadaye

Shuleni pande nne za dunia hufundishwa kana kwamba zilizaliwa siku moja. Sivyo. Mashariki na magharibi ni za jua: tumezipokea kwa Waarabu, mahali linapochomoza na mahali linapozama. Kaskazini na kusini ni za upepo. Kaskazi na kusi ni pepo, kisha ikaja ile -ni ya mahali, ile ile iliyoifanya nyumba ikawa nyumbani. Anayesema "kusini" anasema "kule kunakotoka kusi". Kwa hiyo mwandishi anayelikimbia neno kusi na kuandika "upepo wa kusini", akidhani ndiyo istilahi ya kitaalamu, ameandika "upepo wa kule kunakotoka upepo".

Zamani palikuwa na majina mengine. Suheli, nyota, iliwapa watu wa pwani jina la kusini, na kaskazini iliwahi kuitwa kibla kwa kuwa Makka iko upande huo. Siyadai yarudi. Nayataja ili tukumbuke kwamba dira ya Mswahili iliundwa na watu waliokuwa wakienda mahali.

Majina ya pepo yana faida nyingine ambayo vitabu vya jiografia vinaipoteza. Upepo huitwa kwa utokako, mkondo huitwa kwa uendako. Andika basi katika sentensi moja "upepo wa kaskazini" na "mkondo wa kaskazini", na mwanafunzi ataona vitu viwili vinavyofuatana. Kumbe vinagongana. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi huuongezea nguvu na kaskazi huupunguza, lakini kwa sehemu kubwa ya pwani hauugeuzi. Msimu wa kaskazi, mwenye ngalawa kati ya Unguja na Pemba hukuta maji yakienda kaskazini na upepo ukienda kusini, na pale vinapokutana mawimbi huwa mafupi, wima, yenye hasira. Andika "kaskazi" na utata umekwisha, maana hakuna mkondo uitwao kaskazi.

Sasa neno linaloniudhi kuliko yote: monsuni. Waarabu walikuwa na mawsim, majira maalumu. Wareno wakalichukua kwa namna yao, Waingereza nao wakalipokea, likapigwa kona za Ulaya hadi likatufikia katika vitabu vya shule likiwa na kofia kichwani. Sisi tulikuwa nalo tangu zamani, tumelipokea mkono kwa mkono bandarini: musimu, leo msimu. Pepo za msimu. Kuandika "pepo za monsuni" ni kukopa kwa jirani kitu kilichomo kabatini mwetu, tena kilichochakaa njiani. Wapo waandishi wanaoandika "pepo za msimu", na wanastahili kufuatwa.

Kati ya misimu miwili ipo ile ya mashaka, ambayo upepo haujui unatoka wapi. Tunayo majina mawili. Maleleji lina mlio wa kitu kinacholegea, na hali yenyewe ni hiyo. Lakini moyo wangu uko kwa tanga mbili. Kwanza angalia sarufi yake: si "matanga mawili", ni tanga mbili, umbo la kale lililoganda ndani ya msemo. Pili angalia linavyoona. Halisemi upepo unabadilika. Linasema chombo cha kwenda kaskazini na cha kwenda kusini vyote vinaweza kutweka. Mtaalamu wa hali ya hewa angekiita kipindi cha mpito. Kipindi cha mpito ni cha nani? Tanga mbili ni la nahodha.

Ndivyo lilivyo pia demani. Katika chombo, demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Upande wa demani, kwa hiyo, ni upande ambao upepo unatokea kwenda zake, kinyume cha goshini, upande unakoingilia. Halafu demani ni majira, yale ya kusi kuchoka, kuanzia karibu na Agosti hadi Novemba, bahari inapokuwa na adabu. Kamba, upande, majira: neno moja. Napenda kuamini kuwa kamba ndiyo iliyoyabatiza majira, maana ndiyo miezi ambayo mtu huweza kuilegeza bila hofu. Hata kama sivyo, goshini na demani ni jozi iliyokamilika, na wafasiri wa miongozo ya michezo ya majini wanaoandika "upande unakotoka upepo" na "upande unakokwenda upepo" wanatumia maneno sita pale yanapotosha mawili.

Dau la mnyonge haliendi joshi. Ukilifasiri joshi kuwa ni mbio, methali inakuwa ya umaskini tu. Joshi ni kuupandia upepo, kukisogeza chombo karibu na jicho lake kadiri tanga linavyostahimili. Kufuata upepo hata gogo linaweza. Kwenda joshi kunadai tanga zima, mkuku imara na mikono ya kutosha. Methali haisemi mnyonge hafiki. Inasema mnyonge huenda anakopelekwa. Tofauti hiyo imo ndani ya istilahi, na ikipotea istilahi, methali inabaki ganda.

Na pale upepo unapotoka hasa kule unakotaka kwenda? Hapo chombo hubisha. Kitenzi kile kile cha mtu anayekataa hoja na cha mgeni anayegonga mlango. Chombo kinakwenda mshazari huku, kinageuza, kinakwenda mshazari kule, kinabishana na upepo mpaka unakiruhusu. Pepo zenyewe zikaitwa pepo za mbisho, au pepo za omo kwa kuwa zinapiga omoni. Nani atahitaji "upepo wa mbele"?

Tushuke majini. Kiswahili hakikulipa jambo la maji kupanda na kushuka kila siku nomino moja. Kilisema maji yanajaa, maji yanapwa. Wapo wanaoona hilo ni pengo la kuzibwa, na magazetini huliziba kwa "wimbi", jambo ambalo ni kosa tupu: wimbi hupita, maji ya kujaa hukaa saa sita hivi yakipanda. Mimi naona vitenzi viwili vinatosha. Kujaa na kupwa ni kazi ambayo maji yanaifanya, na msemaji analazimika kila mara kusema yanafanya ipi.

Tazama pia uzao wa kupwa. Pwani ni pale maji yanapopwa. Kipwa ni fungu au mwamba unaochungulia maji yakitoka. Kupwelewa ni kuachwa na maji, chombo kikalala ubavu mchangani hadi yarudi. Na aliyekauka koo, sauti imempwea. Taifa lenye uzao huu halina sababu ya kuandika "eneo linalofunikwa na maji nyakati fulani".

Bamvua na maji mafu ndiyo jozi ninayoililia zaidi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Unguja tofauti ya juu na chini hufika mita 4 hivi. Hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na watu wakayaita maji mafu. Wachokoaji pweza wanayajua maneno haya kuliko maprofesa. Mwenye mashua pia: bamvua humaanisha mkondo mkali mlangoni mwa mwamba na kina kinachodanganya.

Yapo mapengo ya kweli, na hapo natoa mapendekezo. Ule muda mfupi maji yanapomaliza kujaa na hayajaanza kupwa huelezwa kwa sentensi, "maji yamesimama". Tuuite kisimamo, tusije tukauchanganya na maji mafu, ambayo ni ya siku kadhaa. Mkondo nao umelemewa: una umeme, una bahari, na siku hizi una madarasa (shule ya mikondo miwili!). Tuuachie bahari kuu, na ule unaogeuka kila saa sita uitwe mkondo wa kujaa au mkondo wa kupwa, bila kufupisha. Na chombo kinapoburutwa ubavu nje ya njia yake, mabaharia husema kimechukuliwa. Basi umbali huo uwe mchukuo, wa maji au wa upepo.

Taarifa za hali ya hewa hutuonya juu ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Ni onyo jema, lakini msikilizaji mwenye dau bado anabaki akiuliza: ni kusi au kaskazi? Bamvua au maji mafu? Maneno manne haya yangeongeza sekunde chache tu za utangazaji. Nawaomba wanaoandika taarifa hizo wayatie. Nawe msomaji, kama kwenu Kilwa, Vanga au Siyu kisimamo kina jina lake la asili, litangulize, langu nitalifuta.