Safu ya Lugha: Kutawakali si kukaa bure

Mvua zikiharibu shamba au kazi ikiota mbawa, utasikia mtu akisema, "Mimi nimetawakali tu," akimaanisha kwamba hafanyi lolote tena. Huko ni kulionea neno. Tawakali limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa wakili na wakala. Kutawakali ni kumkabidhi Mungu jambo lako kwa moyo mkunjufu, kama mtu anavyomkabidhi wakili kesi ya kiwanja chake. Lakini mwenye kesi bado hutafuta hati, hupeleka mashahidi na hufika mahakamani siku ya kutajwa. Hata katika Hadithi ya Mtume iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi, aliyeuliza kama amwache ngamia bila kumfunga na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Tusilichanganye na majirani zake. Subira ni kustahimili dhiki bila kulalama ovyo. Kuridhika ni kuyapokea yaliyokwisha kutokea. Kubahatisha ni kujaribu bila kujua litakalotoka. Kukata tamaa ni kuamini kwamba hakuna mlango uliobaki. Tawakali huja baada ya juhudi, nayo hutazama mbele: mgonjwa ameze dawa zake, kisha atawakali; mkulima apande tena, kisha atawakali. Aliyekunja mikono aseme amechoka, wala si aibu, nasi tumsaidie. Neno tawakali tumwachie aliyefanya la kwake, na la Mungu akamwachia Mungu.