Kipya Kinyemi: Kisa cha Debian na Wasioweza Kungoja

Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili inaonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Ndugu msomaji, wapo watu Ulaya na Marekani ambao hawakuwahi kuzisikia methali hizo, lakini wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka thelathini. Ubishi wao ni huu: mtu mwenye kompyuta iliyotulia atapataje programu mpya bila kuivuruga? Mimi sikusomea kompyuta, ndoto yangu ni riwaya. Lakini riwaya yenyewe siku hizi inakaa ndani ya kompyuta, tena mara nyingi ya mtumba, na ikivurugika hiyo hakuna ya pili. Kwa hiyo ubishi huo ni wetu pia.

Linux ilianza mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Lakini Linux peke yake ni kiini tu. Lazima atokee mtu akusanye programu nyingine, azipange, ahakikishe zinaelewana. Mmoja wa wakusanyaji hao alikuwa Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Tarehe 16 Agosti 1993 alitangaza mradi wake, akauita Debian, yaani Debra (mchumba wake) na Ian. Murdock alifariki mwaka 2015, mradi ungali hai, na wanaouendesha ni watu wa kujitolea.

Matoleo ya Debian yamepewa majina ya vikaragosi wa filamu ya Toy Story. Programu mpya huingia kwanza katika Sid, jina la yule mtoto mtundu anayevunja midoli. Ikikaa siku kadhaa bila kasoro kubwa, inahamia chumba cha majaribio. Chumba hicho kikishasafishwa vya kutosha, kinatangazwa kuwa toleo tulivu. Hapo mlango unafungwa. Toleo tulivu halina maana kwamba halina kasoro, la hasha. Maana yake ni kwamba halibadiliki: linazibwa matundu ya usalama na kurekebishwa makosa mazito, basi.

Sasa basi, utulivu una bei yake. Toleo lililoitwa Woody lilitoka tarehe 19 Julai 2002. Lililofuata, Sarge, likaja tarehe 6 Juni 2005. Karibu miaka mitatu! Na dunia haikusimama kuwangojea. Woody ilitoka na KDE 2.2 wakati KDE 3 ilikwisha kutoka tangu Aprili 2002. OpenOffice.org, programu ya kuandikia, haikuwamo kabisa. Iliingia kwa mara ya kwanza katika Sarge. Na hapo katikati, mwaka 2004, kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ukatoa Jambo OpenOffice, yaani programu hiyohiyo ikizungumza Kiswahili. Hebu fikiria: lugha yako imeingia kwenye kompyuta, na toleo tulivu la Debian halina hata programu ya kuipokea! Mwaka huohuo Ubuntu ikazaliwa kutokana na Debian, ikiahidi toleo jipya kila miezi sita. Wengi wakahama.

Waliobaki walijaribu njia ya mkato: kuchomoa programu moja kutoka Sid na kuipachika kwenye Woody. Kumbe programu haiji peke yake. Imejengwa juu ya maktaba, na ya msingi kuliko zote ni ile ya lugha ya C, ambayo karibu kila kitu kinaitegemea. Programu mpya inadai maktaba mpya, maktaba mpya inagusa programu nyingine mia, na ulichoomba ni kimoja tu. Wenyewe waliupa mchanganyiko huo jina la FrankenDebian, kwa kumkumbuka Frankenstein wa riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, aliyeunga vipande vya maiti akapata zimwi.

Ndipo wakatokea wachache wenye akili ya jikoni. Wakasema, kwa nini tubebe chungu cha jirani? Tuchukue mapishi yake, tupike kwenye jiko letu. Yaani walichukua maandishi ya awali ya programu mpya, wakayakompaili upya ndani ya toleo tulivu, kwa maktaba zilezile za zamani. Programu ikawa mpya, nyumba ikabaki ileile. Kazi hiyo ikaitwa Backports. Ilianza nje ya Debian, kwa kujitolea, na Septemba 2010 Debian ikaikubali rasmi.

Kinachonifurahisha ni adabu yake. Hata ukiifungulia mlango, Backports haijipenyezi. Inakaa barazani mpaka uite kitu kwa jina. Nayo haichukui chochote, huchukua kilichopita chumba cha majaribio. Ila tusidanganyane: kikosi cha usalama cha Debian hakiidhamini kama toleo tulivu lenyewe. Aliyeipika ndiye anayeitunza. Kwa hiyo unaita unachohitaji, basi.

Siku hizi ipo pia Flatpak, iliyopata jina hilo mwaka 2016. Yenyewe inakuja na maktaba zake mgongoni, haigusi za nyumbani. Ni salama kwa mfumo, lakini mzigo wake wa kwanza unaweza kufika mamia ya megabaiti. Kwa anayenunua bando kwa shilingi za kuhesabu, hilo si jambo dogo. Debian nayo imejirekebisha: tangu 2011 inatoa toleo tulivu kila baada ya miaka miwili hivi, na Trixie ilitoka Agosti 2025.

Mimi nasema zile methali mbili hazikuwa zikigombana. Anayetaka kipya ana haki, na anayeogopa kupoteza mbacha wake ana haki vilevile, hasa kama hana mwingine. Katika kisa hiki aliyewapatanisha ni mtu aliyekubali kazi ya kuchosha, isiyo na sifa: kupika upya, kwa ajili ya watu asiowajua, kwenye jiko la zamani.