Ta! Historia ya kifungo kinacholia

Najua wengi mnaopita hapa mnakuja kutafuta siasa, na siasa zipo tele, hazikimbii. Leo naomba nikupe likizo kidogo. Nataka tuongee kuhusu kifungo.

Si kile cha jela! Ingawa kabla hatujamaliza utaona kwamba jela nayo imo.

Nazungumzia kile kifungo cha chuma cha vipande viwili, dume na jike. Ukikibonyeza kinalia "ta!", ukikivuta kinalia "ta!" tena. Kipo kwenye jaketi, kwenye pochi, kwenye nguo za watoto wachanga pale katikati ya miguu, kwenye mashati ya jinzi yanayomwagwa kila asubuhi Karume na Gikomba. Umekifungua mara elfu na hujawahi kujiuliza nani alikaa chini akakifikiria. Mimi pia sikuwahi kujiuliza, mpaka nilipoanza kusoma habari za mji mmoja wa Ufaransa uitwao Grenoble.

Grenoble ulikuwa mji wa glavu. Karne ya 19, mtu wa tabaka la juu Ulaya alikuwa hatoki nje mikono mitupu, na glavu za Grenoble, za ngozi laini ya mwanambuzi, zilikuwa na jina kubwa. Mwaka 1834 mwana wa mji huo, Xavier Jouvin, aliyekuwa amechunguza mikono ya watu wengi, alitunga mfumo wa saizi za glavu. Miaka minne baadaye akaja na kifaa cha chuma cha kukatia ngozi kwa vipimo hivyo. Kuanzia hapo glavu ikaweza kuukaa mkono kama ngozi ya pili.

Sasa hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Glavu inayobana kama ngozi ya pili utaivaaje? Lazima iwe na mpasuko kwenye kifundo cha mkono, na mpasuko lazima ufungwe. Walitumia vifungo vidogo vya kawaida, vya duara na tundu lake. Vilikuwa muhimu kiasi kwamba mpaka leo urefu wa glavu za kike za sherehe hutajwa kwa "vifungo", karibu sentimeta 2.7 kwa kila kimoja, kuanzia chini ya dole gumba. Ukisikia glavu ya vifungo 16, jua inapita kiwiko, hata kama yenyewe ina vifungo vitatu tu.

Jaribu kuvuta picha. Umevaa glavu mkono wa kushoto, unaifunga kwa mkono wa kulia. Sawa. Sasa vaa ya kulia, uifunge kwa mkono wa kushoto ambao tayari uko ndani ya glavu! Vidole vinateleza, kifungo ni kidogo kama punje ya mtama, na ngozi yenyewe ni nyembamba, ukivuta kwa hasira tundu linachanika. Watu walitembea na vikulabu maalumu vya kuvutia vifungo. Wenye fedha waliita mtumishi awafunge.

Jibu lilikuja kutoka pande mbili, na ukitaka kuanzisha ubishi kati ya Mjerumani na Mfaransa, anzia hapa. Mwaka 1885 Mjerumani Heribert Bauer, wa mji wa masonara wa Pforzheim, alipewa hataza ya kifungo chenye springi. Yeye alikuwa anafikiria suruali za wanaume. Mwaka uliofuata, 1886, Albert-Pierre Raymond wa Grenoble, aliyekuwa na karakana ya vifaa vidogo vya chuma tangu 1865, akapata hataza ya kifungo cha kubonyeza kwa ajili ya glavu.

Nani wa kwanza? Kwa tarehe, Bauer. Lakini mimi naona swali hilo halitufikishi mbali. Bauer alikuwa na wazo. Raymond alikuwa na mji mzima wa mafundi glavu mlangoni pake, wenye shida moja inayowauma kila siku. Wazo lisilo na mwenye shida hukaa kabatini. Ndiyo maana kampuni ya Raymond ilikua, mwaka 1898 ikavuka mpaka na kufungua kiwanda Lörrach, Ujerumani, na mpaka leo ipo, bado ya ukoo uleule. Siku hizi inatengeneza zaidi vibanio vya magari. Ukibandua paneli ya mlango wa gari ukasikia "ta!", ujue huyo ni mjukuu wa glavu.

Haya, tuingie ndani ya kifungo chenyewe, maana hapo ndipo nilipopendezewa zaidi.

Kifungo kamili kina vipande vinne. Viwili vinaukamata upande mmoja wa nguo, viwili upande wa pili, kama mkate na nyama katikati. Dume lina kichwa kilichovimba na shingo nyembamba chini yake. Jike lina tundu, na ndani ya tundu kuna waya wa springi. Ukibonyeza, kichwa kinautanua waya, kinapita, waya unarudi na kuikumbatia shingo. Ile "ta!" ndiyo sauti ya waya kurudi mahali pake. Ni taarifa kwamba kazi imekwisha, na unaipata hata gizani, hata vidole vikiwa ndani ya glavu.

Sasa fikiria kazi ya mbunifu. Kutengeneza kitu kisichofunguka si tabu, gongomea msumari. Kutengeneza kinachofunguka kirahisi nako si tabu. Tabu ni kutengeneza kitu kimoja kinachokataa na kukubali. Kifungo lazima kikatae mkono unapokunja ngumi, unapoinama, unapokimbilia daladala, halafu kikubali mara moja mwenyewe anapotaka.

Siri iko kwenye mwelekeo wa nguvu. Nguo ikikaza, huvuta kifungo pembeni, na pembeni shingo ya dume inaegemea ukingo wa jike, chuma kwa chuma. Hapo ni kigumu kweli. Lakini ukiinua ukingo mmoja kwa kidole, kama unavyofunua mfuniko wa kopo, unapambana na waya tu, tena upande mmoja kwanza, halafu wa pili. Nguvu ya mwili inakwenda pembeni, nia ya mtu inakwenda juu. Aliyelitambua hilo alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi.

Nusu iliyobaki ni waya. Ukilegea, kifungo kinafunguka katikati ya watu na aibu ni yako. Ukikaza mno, kifungo hakiachi, kinachoacha ni nguo. Mwaka 1903 Hans Prym, wa kampuni ya kale ya Prym huko Stolberg, Ujerumani, aliboresha kifungo kwa waya wa bronzi uliopindwa mfano wa herufi S mbili. Huo ulinyumbuka na kurudi, ukanyumbuka na kurudi, bila kuchoka upesi. Kampuni hiyo inahesabu historia yake tangu mwaka 1530, na bado inauza vifungo.

Wengine walitaka usalama zaidi. Kampuni ya Carr ya Massachusetts, Marekani, ilitengeneza kifungo kinachojifunga pande tatu na kufunguka upande mmoja tu, ule uliowekewa kinundu kidogo cha alama. Usipojua alama ilipo, utavuta mpaka uchoke. Jeshi la Marekani lilikipenda, na mikoba mingi ya askari wake wa Vita Kuu ya Pili ilifungwa nacho.

Huko magharibi ya Marekani nako walitaka kinyume chake. Mwaka 1946 Jack Weil alianzisha kampuni ya mashati ya wachunga ng'ombe mjini Denver, na vifungo vya kubonyeza vikawa alama ya mashati hayo. Si kwa urembo peke yake. Mtu akinaswa shati na pembe ya fahali au tandiko la farasi, vifungo vya kushona vinaweza kumburuta. Vya kubonyeza vinaachia vyote, ta-ta-ta-ta, shati linabaki na fahali, mtu anabaki na roho yake. Weil mwenyewe alifariki mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 107.

Unaona? Kifungo ni kilekile, lakini "salama" ya askari si "salama" ya mchunga ng'ombe. Wa kwanza anataka kisifunguke bila ruhusa. Wa pili anataka kifunguke kabla hajaomba.

Nilisema jela imo. Sasa nakuletea kisa cha Jindřich Waldes.

Waldes alizaliwa mwaka 1876, Mcheki wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1902 alishirikiana na fundi Hynek Puc kuanzisha karakana mjini Prague. Kuingiza ule waya mdogo ndani ya jike kulikuwa kazi ya mikono, polepole, ya kuumiza macho. Puc akabuni mashine ya kuifanya. Biashara ikalipuka. Kampuni yao, Koh-i-noor, ikawa na viwanda Dresden, Warsaw, Paris na New York. Alama yake ilikuwa msichana anayetabasamu, kifungo kimebanwa jichoni kama miwani ya jicho moja. Waldes akawa tajiri, akamfadhili mchoraji František Kupka, na mwaka 1918 akafungua Prague jumba la makumbusho la vifungo vya nguo. Makumbusho ya vifungo! Mtu anayekipenda kitu hivyo hakukifuata kwa fedha pekee.

Mwaka 1939 Ujerumani ya Hitler ikaikalia Prague. Familia yake ilikuwa imekwenda Marekani, yeye akabaki. Mwaka huohuo akakamatwa, akapelekwa kwenye kambi za mateso za Dachau na Buchenwald. Familia ililipa fedha nyingi ili aachiwe. Akaachiwa mwaka 1941, akapanda meli kuwafuata, na akafia njiani, Havana, Cuba. Vita vilipokwisha, kiwanda chake kilitaifishwa mwaka 1945. Vifungo viliendelea kutoka, msichana wa kwenye karatasi akaendelea kutabasamu.

Nimekaa na kisa hiki siku kadhaa. Sisi tunaoandika habari tunafundishwa kwamba historia hukaa ikulu na vitani. Kumbe hukaa pia kwenye kitu cha milimita kumi. Kifungo hiki kimepita katika mikono ya wafanyakazi wa Grenoble na fundi wa Prague, na mmoja wa watu waliokieneza duniani alilipiwa fedha ili atoke kambini. Lugha yetu inaita vyote viwili kwa neno moja, kifungo, na sidhani kama ni ajali. Vyote vinauliza swali lile lile: nani ana uwezo wa kufungua?

Kabla sijaondoka, mawili yenye manufaa.

La kwanza ni la ngozi yako. Una alama nyeusi inayowasha chini ya kitovu, pale kifungo cha jinzi kinapogusa? Yawezekana ni nikeli, madini yanayotumika kung'arisha vyuma vya nguo, ambayo miili ya watu wengine haiyapendi. Ulaya ilipitisha sheria mwaka 1994 kuweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, vikiwemo vifungo, ribiti na zipu. Tiba ya mwanzo ni rahisi: mwambie fundi ashone kitambaa nyuma ya kifungo. Ikizidi, muone daktari.

La pili ni la nguo yako. Kifungo cha kubonyeza kikitoka, mara nyingi si kifungo kilichoshindwa, ni kitambaa. Ukimpelekea fundi kitenge chepesi au hariri akupigie kifungo cha chuma kwa nyundo, hakikisha ameweka kipande cha kitambaa kigumu kwa ndani, pande zote mbili. Asipoweka, utafungua mara ishirini, ya ishirini na moja utabaki na tundu. Na unapofungua, usivute nguo. Shika kifungo chenyewe, inua ukingo.

Haya, angalia nguo uliyovaa sasa hivi. Kama ina kifungo cha chuma, kigeuze usome jina lililochongwa nyuma yake. Ukikuta Prym, jua umevaa jina lenye karibu miaka 500. Ukikuta jina ambalo hujawahi kulisikia, lifuatilie.

Tuonane wiki ijayo. Siasa zitakuwa bado zipo.