Watu wa Kijiji cha Unyamwezi: Habari za Nchi ya Sikonge

Wasikilizaji wetu, mgeni afikaye Sikonge, mwendo wa kadiri ya kilomita 70 kusini ya Tabora, huuliza, "Hapa ni kwa Wanyamwezi?" Hujibiwa, "Naam." Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Tukitaka kukijua kijiji, yatupasa kuwahesabu watu wake si kwa vichwa tu, bali na kwa njia walizojia.

Hapo kale nchi hii iligawanyika katika tawala nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Chini ya mtemi walikuwako wanangwa, wakuu wa vijiji, na wanyampara, wazee wa shauri. Nyumba zilizungushiwa boma la miti au ua wa minyaa. Wanaume walikutana katika iwanza, wakala pamoja na kusema mashauri yao.

Kisha biashara ya misafara ikakua. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha kukaa. Vijana wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu hata pwani, wakarudi na nguo, shanga na lugha ya Kiswahili. Safari hizo ndizo zilizoleta utani baina yao na Wazaramo. Na vita vya Mirambo vilipoifunga njia ya magharibi, Stanley alizunguka kusini kupitia Ugunda, Septemba 1871.

Lakini njia hiyo hiyo ilileta na watu wasiopenda kuja. Watumwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, walinunuliwa wakabaki Unyamwezi. Walilima, waliolewa, walizaa. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria mwaka 1922, watoto wao walikuwa wakisema Kinyamwezi kama wenzao. Damu yao imo katika kijiji, ingawa jina la kwao limesahauliwa.

Baada ya hao wakaja wengine. Wamisionari wa Moravian, waliopokea kazi ya Urambo mwaka 1898, walifika Sikonge pia, wakajenga kanisa, hospitali na makao ya wenye ukoma; wagonjwa wakaja kutoka mbali. Kisha ugonjwa wa malale, uletwao na mbung'o, ulitisha nchi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwakusanya watu waliotawanyika porini katika makao makubwa, na watu wa wakuu mbalimbali wakajikuta jirani. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulikwisha. Katika miaka ya 1970 watu walikusanywa tena katika vijiji vya ujamaa, na Wasukuma na ng'ombe zao wakaendelea kushuka kutoka kaskazini kutafuta malisho. Wilaya ya Sikonge ilihesabiwa watu kadiri ya 133,000 mwaka 2002, na karibu 180,000 mwaka 2012.

Watu wakiongezeka, mashamba na malisho hugombewa, na mtu humwambia jirani yake, "Wewe si wa hapa." Neno hilo ni zito, maana laweza kumnyima mtu shamba lake. Basi kabla ya kulitamka, na tukumbuke: tukiwatoa wote ambao babu au bibi zao walitoka mahali pengine, ni nyumba ngapi zitakazosalia? Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijiji hiki kilipona kwa wageni wake, na wageni hao ndio wenyeji wa leo.