Sindano ya Dresa, Meza ya Wataalamu

Shangazi yangu ana kopo la biskuti ambalo tangu nilifahamu halijawahi kuwa na biskuti. Ndani mna barua. Iko barua ya ajira, karatasi yake imekuwa na rangi ya chai. Iko barua ya kuthibitishwa kazini, ziko barua za kupandishwa daraja, barua za uhamisho kutoka zahanati hadi zahanati, na hati za mshahara zilizofungwa pamoja kwa kipande cha bandeji. Aliitumikia serikali kwa zaidi ya miaka 30 akiwa muuguzi na mkunga. Alipokaribia kustaafu, faili lake lilionekana kukosa barua moja ya kupanda daraja, na lau si kopo lile, mafao yake yangekokotolewa kwa mshahara aliokwisha kuuacha miaka mingi nyuma. "Mwanangu," aliniambia siku hiyo, "karatasi ya serikali itunze kama cheti cha kuzaliwa cha mtoto."

Kopo hilo ndilo lililonifanya niulize: nani katika nchi hii alikuwa wa kwanza kulipwa na serikali kwa kumtibu Mwafrika mwenzake kijijini, na alilipwaje?

Jibu ni dresa. Wazee bado wanalitumia neno hilo, na mara nyingi wanalitamka kwa heshima. Miaka ya 1920 Idara ya Tiba ya Tanganyika, chini ya mkurugenzi wake Dk. John Shircore, ilikuwa na madaktari wachache sana, takriban wote Wazungu, na hospitali zake zilikuwa mijini. Hata mjini kwenyewe kila mtu alikuwa na mlango wake. Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikwenda hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara aliyetoa fedha ijengwe. Huko ndiko ilikoanzia hospitali ya Muhimbili ya leo. Lakini mtu wa kijijini Ulanga au Kasulu alikuwa mbali na mlango wowote wa namna hiyo.

Ndipo ukaja mpango wa madresa wa makabila. Utawala wa kupitia machifu, uliowekwa kisheria mwaka 1926, ulikuwa umezaa hazina za wenyeji, na hazina hizo zikabebeshwa gharama za zahanati. Kijana aliyejua kusoma na kuandika alichaguliwa nyumbani kwao, akapelekwa hospitali ya serikali ya wilaya kwa mafunzo mafupi, kisha akarudishwa kwenye banda lenye meza, kabati la dawa na daftari. Alisafisha vidonda, akagawa kwinini, akaandika majina.

Kilichompa dresa sifa ni buba. Vijana wa leo hawaujui ugonjwa huu, na ni vizuri hawaujui. Buba huota vidonda kwenye ngozi, na ukiachwa hula mifupa. Ukishuka kwenye nyayo, mtoto hawezi kukanyaga. Hutembea kwa visigino na kingo za miguu, kama kaa anayetoka majini. Sindano za bismathi zilikausha vidonda hivyo kwa muda mfupi mno kiasi kwamba watu walianza kutembea siku nzima kuifuata sindano. Imani ya Watanzania katika sindano, ile ambayo hadi leo inamfanya mgonjwa anung'unike akipewa vidonge peke yake, ina mizizi hapo. Haikujengwa na profesa. Ilijengwa na kijana wa kijiji jirani, kwenye banda la miti na udongo.

Lakini dresa huyu hakuhesabiwa miongoni mwa watumishi wa serikali kuu. Mshahara wake ulitoka hazina ya chifu, na pensheni ya serikali kuu haikumhusu. Alikuwa wa kwanza kumwona mgonjwa na wa mwisho katika orodha ya malipo. Sijui neno jingine la kuliita jambo hilo isipokuwa dhuluma, na naamini kivuli chake bado hakijatuondoka.

Upande wa pili wa hadithi hii ni wataalamu washauri. Tangu mwanzo, serikali za huku zilipotaka kujua cha kufanya kuhusu afya ya watu wake, zilimwita mtu kutoka mbali. Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepewa tuzo ya Nobel, alikuja Afrika Mashariki kuchunguza malale. Alifanya kazi Amani, kwenye milima ya Usambara, kisha akaenda hadi visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria. Huko aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoona haitoshi aliongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Ushauri wake mwingine ulikuwa kuwatenga wagonjwa kambini. Wagonjwa wenyewe hawakuwa na kiti mezani.

Baadaye wakaja madaktari weusi. Makerere ilianza kufundisha utabibu miaka ya 1920, na vijana wa Tanganyika waliofika huko walisoma miaka mingi, hospitali ya Mulago ikiwa darasa lao. Waliporudi nyumbani serikali haikuwaita madaktari. Iliwapa cheo cha Daktari Msaidizi. Mamlaka ya tiba ya Uingereza haikuitambua stashahada ya Makerere hadi mwaka 1957, na katika utumishi wa serikali za Afrika Mashariki kulikuwa na kanuni iliyojulikana wazi: asiye Mzungu alilipwa sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Tume ya Holmes iliiacha kanuni hiyo iendelee mwaka 1948, na ni Tume ya Lidbury ya 1954 iliyopendekeza ifutwe. Fikiria mtu anayefanya upasuaji ule ule, usiku ule ule, kwa kisu kile kile, na mwisho wa mwezi anahesabiwa kuwa sehemu tatu kwa tano za mtu.

Si ajabu basi kwamba madaktari hao waliingia siasa mapema. Watumishi Waafrika walikuwa na utamaduni wa kujipanga tangu mwaka 1922, Martin Kayamba alipoanzisha chama chao mjini Tanga. Mwaka 1950 Dk. Vedasto Kyaruzi akawa rais wa Tanganyika African Association, chama kilichokuja kuizaa TANU, na Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake. Serikali haikumfukuza kazi. Ilifanya jambo ambalo kila mtumishi wa umma analifahamu: ilimhamisha. Akapelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro, kisha Nzega, mbali kabisa na vikao vya Dar es Salaam. Mwaka 1953 ukatoka waraka uliowazuia watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, na wengi walitakiwa kuchagua kati ya chama na mkate wa watoto. Kyaruzi alikuja kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika katika Umoja wa Mataifa, lakini namkumbuka zaidi yule daktari aliyekabidhiwa barua ya uhamisho. Katika kopo la shangazi barua za namna hiyo ziko nne, ingawa yeye hakuwahi kuwa mwanasiasa.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere aliitaja idadi hiyo mara nyingi, na kila mara ilikuwa inauma.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo likaja jopo la wataalamu ambalo, kwa maoni yangu, lilitusaidia kuliko mengine yote. Liliongozwa na Richard Titmuss, profesa kutoka London, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1964. Wajumbe wote walikuwa Waingereza, na hilo nalisema bila kulificha. Lakini waliitazama nchi ilivyo. Walisema msikimbilie kujenga hospitali kubwa mjini. Jengeni vituo vya afya, wekeni kinga mbele, na wafundisheni watumishi wa ngazi ya kati kwa wingi na kwa uzito. Kwa maneno mengine, wageni wale walisafiri bahari na kurudi na hitimisho ambalo dresa yeyote angelitoa bure kama angeulizwa.

Ushauri huo ulikutana na Azimio la Arusha la 1967, na safari hii ukatekelezwa. Vituo vya afya vilivyokuwa takriban 22 wakati wa Uhuru vilizidi 200 kufikia mwaka 1980. Zahanati zikaongezeka maradufu na zaidi, na waganga wasaidizi wa vijijini wakafundishwa kuzijaza. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakitoka hapo na majembe kwenda kuchimba vyoo. Cheo cha daktari msaidizi, kilichokuwa kidonda kwa wasomi wa Makerere, kikageuka kuwa uti wa mgongo wa hospitali za wilaya. Ni hao waliowafanyia upasuaji akina mama walioshindwa kujifungua, mahali ambapo daktari mwenye shahada hakuwepo.

Shangazi aliajiriwa katika zama hizo. Kazi ya serikali ilikuwa na maana pana kuliko mshahara. Kulikuwa na likizo ya malipo na nauli ya likizo, nyumba ya zahanati yenye bati, na pensheni ambayo mtumishi hakuichangia hata senti, kwa kuwa ililipwa na Hazina. Pia hakukuwa na mlango mwingine: sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi 1991. Uliyesomea tiba ulikuwa wa serikali au wa misheni.

Halafu uchumi ukaanguka. Miaka ya 1980 mshahara uliisha thamani kabla haujafika mfukoni. Shangazi alilima mahindi nyuma ya wodi ya wazazi, akafuga kuku, na mara nyingi aliwapokea watoto kwa mwanga wa kibatari kwa sababu mafuta ya taa ya zahanati yalikuwa yamekwisha, na yale ya kibatari yalikuwa ya kwake.

Stahiki zilijengwa upya polepole. Mwaka 1999 pensheni ikawa ya kuchangia: mtumishi asilimia 5 ya mshahara, serikali asilimia 15. Mwaka 2001 ukaanza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, asilimia 3 kwa 3, ukimhudumia mtumishi, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Shangazi alikuwa ametibu watu maisha yake yote. Siku aliyopewa kadi yenye picha yake aliivisha mfuko wa plastiki na kuilaza chini ya mto.

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya umma iliunganishwa kuwa PSSSF, na neno kikokotoo likaingia katika kila nyumba ya mtumishi. Kanuni mpya ilitaka mkupuo wa kustaafu uwe asilimia 25 ya mafao, wakati watumishi wengi walizoea 50. Kelele zilikuwa kubwa hadi Rais John Magufuli akaisitisha Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wa 50. Kwa mhasibu hizo ni tarakimu. Kwa nesi anayestaafu ni tofauti ya nyumba kuezekwa au kubaki na kuta.

Siwezi kuandika historia hii nikaruka mwaka 2012. Madaktari waligoma wakidai mishahara, nyumba, malipo ya zamu za usiku na posho ya mazingira hatarishi. Wagonjwa waliumia, na hilo haliwezi kufutwa. Mwezi Juni kiongozi wa jumuiya yao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa na kukutwa amejeruhiwa vibaya katika msitu wa Mabwepande. Hoja zao nyingi zilikuwa zile zile za miaka ya 1950: anayefanya kazi asikilizwe kuhusu kazi yake.

Jambo moja limebadilika, na linanipa moyo. Mwaka 2021, Uviko-19 ulipotutesa, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na safari hii hakuna aliyevushwa bahari. Iliongozwa na Profesa Said Aboud, wajumbe wake wakiwa Watanzania. Mwezi Mei ilikabidhi taarifa na kushauri, pamoja na mengine, nchi ijiunge na mpango wa kimataifa wa chanjo na itoe takwimu. Tarehe 28 Julai Rais alichanjwa hadharani.

Januari 2024, Dodoma, ukazinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima: vijana wanaochaguliwa na vitongoji vyao, wanaofundishwa kwa miezi sita na kurudi nyumbani kupita nyumba kwa nyumba, safari hii posho ikitoka serikalini.

Mmoja wao ni binti wa jirani yetu. Alikuja kumwamkia shangazi kabla ya kwenda mafunzoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia umechaguliwa. Barua unayo?"

Akaitoa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne. Shangazi akainyoosha juu ya goti, akaisoma hadi kwenye muhuri, kisha akaingia ndani. Tukasikia makopo yakigongana. Alirudi na kopo jingine la biskuti, tupu, limeoshwa na kukaushwa, akaitia barua ile ndani na kumkabidhi.

"Tarehe ya kuanza kazi," alimwambia, "iandike pembeni kwa mkono wako mwenyewe."