Picha Iliyookolewa na Sauti Iliyopotea: Sinema ya Vugiri na Lugha za Kaskazini ya Ziwa Nyasa

Atafutaye picha za kale za televisheni kutoka Kyela, Ipinda au Matema atajisumbua bure, kwa kuwa hazikupata kuwapo. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Basi mwenye kutaka kujua watu wa nchi zilizolizunguka ziwa walionyeshwa nini zamani, na kwa maneno gani, hana budi kurudi kwenye sinema ya miaka ya 1930. Huko atakuta hasara ya namna yake, ambayo hufahamika vizuri zaidi ikilinganishwa na mfano mmoja mashuhuri wa televisheni yenyewe.

Katika miaka ya 1960 na 1970 shirika la BBC lilifuta au kutupa kanda nyingi za vipindi vyake, miongoni mwavyo mchezo wa Doctor Who. Hata hivyo nakala za filamu za milimita 16 zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa vituo vya nchi za nje, vikiwamo vya Afrika, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa zilizopotea zimeonekana Jos, Nigeria. La ajabu ni kwamba sauti ya sehemu zote zilizopotea haikupotea kamwe: watazamaji walikuwa wameinasa nyumbani kwa vinasa sauti vyao, wala hawakudhani kwamba wanahifadhi historia. Watengenezaji wakawa na maneno, wakatafuta picha. Na pale picha ilipokosekana, walichora michoro wakaitia chini ya sauti.

Sinema ya Afrika Mashariki ilipatwa na kinyume cha hayo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwapo Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni alilianzisha, shirika la Carnegie la Marekani likatoa fedha, na L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham wakaliendesha. Filamu 35 zilitengenezwa, juu ya kilimo, afya, mifugo, hata akiba ya posta. Gari lao lilizunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda, na watazamaji wakakisiwa kufika 80,000.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo kubwa katika kazi ile ni namna sauti ilivyotiwa. Ukanda wa milimita 16 ulichukua picha tu; maelezo yalirekodiwa mbali, juu ya santuri, ili picha ile ile ionyeshwe kwa lugha mbalimbali kwa gharama ndogo. Miongoni mwa lugha hizo zilikuwamo Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kibemba, Kinyanja na Kitumbuka. Werevu huo ndio ulioleta hasara. Katika filamu 35, tatu tu ndizo zilizobaki, nazo zimehifadhiwa London na British Film Institute: ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, ya mashamba ya Kingolwira, na ya safura. Mradi wa Colonial Film uliomalizika mwaka 2010 ulizifanyia orodha na maelezo ya kitaalamu, na kazi hiyo yastahili sifa. Lakini aliye na ukanda ule anamwona mganga wa ng'ombe akifungua kinywa, wala hajui Msukuma aliambiwa nini wala Mtumbuka aliambiwa nini. Maneno yale ya Kiswahili yalisemwa baada ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930 na kabla ya kamusi ya Johnson kutoka mwaka 1939. Yangekuwa shahidi wa namna Kiswahili Sanifu kilivyotamkwa kilipokuwa kingali kikijadiliwa mezani.

Kinyakyusa hakitajwi miongoni mwa lugha za santuri hizo. Hata hivyo, miaka ile ile, kati ya 1934 na 1938, Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa Unyakyusa, wakaandika mazungumzo, sala na masimulizi kwa msaada wa wenyeji, mashuhuri kati yao Leonard Mwaisumo. Karatasi zao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Hivyo Vugiri ilitia lugha nyingine katika santuri bila kuigusa ya Kyela, na ya Kyela ikatiwa katika daftari bila kusikika.

Na daftari haitoshi. Kinyakyusa kina irabu saba, lakini tahajia ya zamani ilitumia herufi tano, hata i moja ikabeba sauti mbili na u moja vivyo hivyo. Afadhali lugha hii haipambanui maneno kwa toni, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili. Kwa hiyo aliyezaliwa nayo aweza kuirudisha irabu mahali pake kwa kusoma tu. Mgeni hawezi, awe na shahada ngapi.

Wako wanaoshauri kwamba filamu zile tatu zitiwe maelezo mapya ya Kiswahili, zionyeshwe shuleni. Kwa mafunzo si vibaya. Kwa historia ni kughushi, maana Kiswahili cha leo kitawekwa kinywani mwa mwaka 1936 na mtazamaji hataarifiwa. Kazi iliyo halali ni nyingine: kutafuta maandishi ya maelezo yale katika nyaraka za misioni na za serikali, na kuwapa wazee wa Kyela matini za akina Wilson wazisome mbele ya kinasa sauti, Selya peke yake na Kyela peke yake, kwa kuwa lahaja hazilingani. Moto ulioteketeza maktaba ya Jagger ya chuo hicho cha Cape Town tarehe 18 Aprili 2021 umeonyesha kwamba karatasi nazo zina mwisho wao. Sauti zitakazopatikana zitakuwa za leo, na tarehe yake yapasa kuandikwa juu ya kila nakala.