Ati Mwafrika Hasononeki?

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu cha J. C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, toka 1938 hadi 1950. Humo alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika. Kisa? Ati Mwafrika hajilaumu, tena hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Makubwa!

Hebu msomaji, tazama alikotoa hesabu zake. Aliwaona waliofikishwa Mathari, na anayefikishwa huko ni yule aliyewashinda watu kwa fujo. Mama aliyejiinamia kijijini, chakula hataki, usingizi hapati, angepelekwa na nani? Majirani wangesema ana mawazo tu, yataisha. (Sisi wa mjini bado tunasema hivyohivyo.)

Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikampa kazi nyingine: kueleza saikolojia ya Mau Mau.

Ndipo mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing, waliokwenda kuwahoji watu kwao, katika vijiji viwili vya Uganda, wakaonyesha kuwa sonona huko ilizidi ile ya wanawake wa Camberwell, London.

Na hao wa Camberwell iliwapata vipi? George Brown na Tirril Harris walishaeleza mwaka 1978: pigo la kufiwa au kuachwa, likimkuta mwanamke asiye na wa kumweleza siri zake, hana kazi, watoto wadogo watatu wamemzunguka, na mama yake alikufa yeye akiwa bado mtoto. Mwanamke huyo Manzese yupo. Hata Mathare yupo, jirani kabisa na hospitali ya Carothers.